Tusingoje Kujiamini Ndipo Tuanze



Juma hili tunapenda kutafakari neno ambalo husikika mara nyingi katika ofisi za parokia zetu, kuanzia hapa mjini Mwanza hadi katika vigango vya visiwani. Si jina la dhambi kubwa. Ni neno "siwezi". Mama anaombwa asome somo la kwanza siku ya Jumapili, anasema hawezi, ataaibika mbele ya watu. Baba amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, anasema yeye ni mvuvi tu, shule aliishia darasa la nne. Kijana aliyepata daraja la sifuri katika mtihani wa kidato cha nne anasema maisha yake yamekwisha, naye ana miaka kumi na minane. Tena neno hili husemwa kwa upole na kwa macho yaliyoinamishwa, hata likafanana na unyenyekevu, nasi tukalisifu.

Hatudhani kwamba linastahili sifa hiyo. Unyenyekevu ni kukiri ukweli juu yetu wenyewe mbele ya Mungu: kwamba kila tulicho nacho tumepewa, na kwamba kweli tumepewa. Mtu akisema hakupewa chochote, hajanyenyekea, amemsingizia Mpaji. Yule mtumishi wa Injili aliyeifukia talanta yake hakuwa mwizi wala mlevi, wala hakuitapanya mali ya bwana wake hata senti moja. Aliogopa tu. Nasi tunajua jinsi bwana wake alivyolihesabu jambo hilo aliporudi.

Basi dawa ya woga huo ni ipi? Siku hizi dawa inatangazwa kila pembe ya mji. Katika viwanja vya wazi vipaza sauti hutuambia tutoke pale jioni ile ile tukiwa watu wapya, wenye nyota iliyong'aa. Katika simu zetu kila asubuhi anakuja mhamasishaji anayetuagiza tusimame mbele ya kioo tujitangazie kwamba sisi ni washindi. Hatutaki kuwacheka wanaokwenda huko, kwa maana kiu yao ni ya kweli, na wengi wao ni waamini wetu. Lakini tumewaona Jumatatu. Mtu aliyepiga kelele kwamba ni mshindi amerudi kwenye genge lake, deni liko pale pale, na sasa anabeba mzigo wa pili: kwamba hata ushindi umemshinda.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano, yumo mtu wa namna hiyo, naye hakuwa maskini. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na ukoma. Alifika kwa nabii Elisha na farasi wake na magari yake, akitazamia tendo kubwa: nabii atoke nje, aliitie jina la Mungu wake, apunge mkono juu ya kidonda. Nabii hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mtu amwambie akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani alikasirika, akageuza magari aende zake. Waliomwokoa ni watumishi wake, waliomuuliza swali la busara kabisa: kama nabii angekuagiza jambo gumu, je, usingelifanya? Basi kwa nini unakataa hili jepesi?

Sisi huwa tunatafakari juu ya ile mara ya tatu na ya nne. Maandiko hayatuambii kwamba ngozi ilianza kupona kidogo kidogo kila alipozama. Yanatuambia tu kwamba alizama mara saba, ndipo akapona. Yaani katika mara ya nne alikuwa mtu mzima na cheo chake, amelowa, watumishi wanamtazama ukingoni, na ukoma wake uko vile vile. Hapo ndipo wengi wetu hutoka majini.

Mfano wa karibu nasi hatuna haja ya kuutafuta Shamu. Uko ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, na ni wa mlei, mume wa mtu mmoja, katekista. Tunamzungumzia marehemu Aniceti Kitereza wa Kagunguli.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa kile. Alisoma kwa wamisionari pale Kagunguli, akaonekana ana kichwa chepesi, na mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Huko alikaa miaka kumi. Alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, akafika hadi falsafa na teolojia. Wakati yeye angali mseminari, tarehe 15 Agosti 1917, walipadrishwa pale Rubya mapadre wanne wa kwanza wazalendo wa nchi hii ambayo leo ni Tanzania. Wawili walikuwa wa upande wa Bukoba. Wawili walikuwa wa kisiwa chake mwenyewe: Padre Celestine Kipanda na Padre Angelo Mwirabure. Miaka miwili baadaye, mwaka 1919, Kitereza alitoka seminari na kurudi Ukerewe bila daraja.

Tunawaomba wasomaji wasimame hapa kidogo, kwa maana katika Kanda yetu ya Ziwa jambo hili tunalijua vizuri mno. Kijana anayerudi kutoka seminari hupokewaje? Tumewasikia watu wazima, tena wenye kushika rozari, wakimwita "padre aliyeshindwa". Tumewasikia mama zake wadogo wakiuliza mchango wa sare na wa nauli umekwenda wapi. Hata anapoomba kuimba kwaya anatazamwa kana kwamba amebeba mkosi. Kisha tunashangaa kwamba kijana aliyefahamu Maandiko kuliko wengi wetu anakaa nyuma kabisa kanisani, na mwisho haji. Shaka juu ya nafsi haioti yenyewe kama nyasi. Mara nyingi ni sisi tulioipanda kwa ndimi zetu, na tukaimwagilia maji.

Kitereza alimwoa Anna Katura mwaka huo huo wa 1919. Alifanya kazi kwa mfanyabiashara, na baadaye katika misheni ya Kagunguli, akiwa katekista, mwalimu na mfasiri. Watoto waliozaliwa na Anna hawakuishi. Kila aliyekulia kando ya Ziwa hili anajua maneno gani huanza kusemwa katika nyumba kama hiyo, na anajua mume hushauriwa nini na ndugu zake. Kitereza hakumwacha Anna, wala hakuleta mke wa pili.

Na katika maisha hayo, ya mtu ambaye kwa kipimo cha majirani hakupata upadre wala hakupata uzao, alikaa akaandika. Aliandika kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani kwake, akiweka katika hadithi moja ndefu namna Wakerewe wa kale walivyolima, walivyovua, walivyopika pombe ya ndizi, walivyotibu wagonjwa, walivyoposa, walivyozika na walivyoamkiana. Hadithi yenyewe ni ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wawili wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke kwa utasa wake; wazazi wake wanaposikia, wanamchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere anabaki peke yake katika nyumba isiyo na moto wa jikoni. Hapigi kelele, hatafuti mwingine. Anakwenda kwa wakwe kumwomba mkewe, anatozwa faini ya mitungi ya pombe ya ndizi, naye anarudi kuitafuta, kazi baada ya kazi, hadi mkewe anarejea. Kisha kuna mganga na dawa na subira ndefu, na mwishowe wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali.

Asomaye kurasa za mwanzo za kitabu hicho, zenye upweke na kazi za kila siku, atatambua jambo ambalo hatukufundishwa seminari vizuri hivyo: kwamba mtu aliyevunjika moyo anaweza bado kuchota maji, kupalilia, na kuamkia wageni, na kwamba katika kufanya hivyo anajikuta hajavunjika kama alivyofikiri.

Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alimtia moyo katika kazi hiyo. Mwaka 1945 muswada ulikamilika. Hakupatikana wa kuuchapa. Kitabu kilikuwa kirefu mno, na lugha yake ilizungumzwa na watu wa visiwa tu. Miaka ikapita. Serikali ya kikoloni ikaondoka, nchi ikapata uhuru, jina la nchi likabadilika, na muswada uko pale pale. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 walikuja Ukerewe mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte, nao wakamshauri aufasiri kwa Kiswahili. Mwaka 1969, mzee wa miaka zaidi ya sabini mwenye maumivu ya viungo, alikuwa ameuhamisha muswada wote, ukurasa kwa ukurasa, kutoka lugha yake hadi lugha yetu sote. Tunaomba tuufikirie mkono ule wenye maumivu, ukiandika kwa mara ya pili kitabu ambacho mara ya kwanza hakikupata msomaji.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa mwaka 1980, kurasa zaidi ya 600, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Uchapaji ulifanyika China na nakala zilichelewa kufika. Aniceti Kitereza aliaga dunia Aprili 1981, katika siku za Pasaka, kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Baadaye kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mwana wa Ukerewe.

Tumesimulia kwa urefu kwa sababu mfano huu unakataa kutumika kirahisi. Msemaji wa hamasa angependa mwisho ambamo mzee anashangiliwa jukwaani. Hakushangiliwa. Ndiyo maana tunamwamini. Kama Kitereza angesubiri ajiamini kwanza, angejiamini kwa msingi gani? Kila hesabu ya dunia ilikuwa dhidi yake: seminari, uzao, lugha, afya, umri. Alichokuwa nacho ni kurasa zilizokwisha kuandikwa. Mtu mwenye kurasa arobaini mezani hahitaji kuambiwa kwamba anaweza kuandika ukurasa. Anao ushahidi wa arobaini. Kwa maoni yetu hapo ndipo tofauti ilipo kati ya maneno ya kujitia moyo na kazi ndogo iliyofanyika. Maneno hutuambia tutakuwa nani. Kazi ya jana hutuonyesha tulikuwa nani jana, na hilo shaka haliwezi kulifuta.

Kanisa letu lilijua jambo hili tangu lilipotia mguu katika fukwe hizi. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika upande huu wa kusini wa Ziwa, na kutoka hapa Padre Lourdel na Bruda Amans wakavuka kwa mtumbwi, wakafika Uganda tarehe 17 Februari 1879. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliwaagiza ukatekumeni wa miaka minne. Miaka minne! Leo mtu mzima akiambiwa mwaka mmoja ananung'unika, na wazazi wa watoto wa kipaimara wanatuomba tuwapunguzie. Lakini tazama kilichotokea. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre hao walilazimika kuondoka Buganda, wakavuka Ziwa wakaja huku kwetu, Bukumbi. Waliporudi mwaka 1885 hawakukuta moto uliozimika. Waamini wachanga walikuwa wamefundishana wao kwa wao, mmoja akimpa mwenzake kile alichokijua, na idadi yao ilikuwa imeongezeka. Kutoka kundi hilo walitoka mashahidi wa mwaka 1885 na 1886. Kweli Mtakatifu Kizito alibatizwa usiku wa kuamkia safari ya kwenda Namugongo, na wapo wanaolitumia hilo kusema kwamba neema haihitaji muda. Neema haihitaji. Lakini Kizito alikuwa mkatekumeni aliyekwisha kujifunza na kuomba ubatizo siku nyingi. Usiku ule alipokea kile alichokuwa akikiendea.

Kuna waliotuuliza, tunapohubiri hivi, waanze vipi kwa vitendo. Tunawapa kazi ya kale sana. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi yake ya Kiroho, anamtaka mtu achague kasoro moja tu, si kumi, aiangalie asubuhi, mchana na jioni, na achore mistari ya siku za juma ambamo ataweka nukta kila anapoanguka. Kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Mama muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba ataielewa hesabu hiyo upesi kuliko mwanateolojia, maana kila jioni anafungua daftari lake. Hajiulizi kama yeye ni mfanyabiashara bora duniani. Anajiuliza leo imekuwaje, ikilinganishwa na jana. Aliyekuwa akimfokea mumewe mara saba kwa siku akifokea mara tano, aweke nukta tano, amshukuru Mungu, alale. Wale wenye dhamiri nyepesi mno, wanaohesabu nukta hadi usingizi unawaruka, tunawashauri waliache daftari hilo na waje tuzungumze.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mafundisho ya kuwatuliza maskini: watosheke na vidogo, wasidai makubwa. Hoja hiyo tunaiheshimu. Wavuvi wetu wana haki ya kudai bei nzuri, na wazazi wana haki ya kudai walimu wa kutosha shuleni, na shaka ya kijana asiye na ajira haitokani na nafsi yake peke yake. Lakini tumeona pia kwamba wanaojua kudai vizuri ni wale waliokwisha kujizoeza kutunza kitabu cha mahudhurio, kuhesabu fedha za jumuiya bila kupungua, kusimama na kusema sentensi tatu bila kutetemeka. WAWATA wetu wanaosimama leo mbele ya mkutano wa wilaya na kusikilizwa walianza kwa kusoma taarifa ya shilingi elfu mbili.

Na kuhusu siku ambazo hakuna kinachosogea, wavuvi wa dagaa wana hekima yao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kamili taa haiwavuti samaki, na mitumbwi hukaa ufukweni. Siku hizo ukipita mwaloni hutawakuta wote wamelala. Utawaona wameketi juu ya mchanga, nyavu magotini, wanaziba matundu.

Mapadre wenzetu tunawaomba jambo moja katika likizo hii ya waseminari: kijana aliyerudi nyumbani moja kwa moja apewe kazi kabla juma halijaisha, awafundishe Utoto Mtakatifu siku ya Jumamosi au atunze vitabu vya kwaya, na atambulishwe kwa jina lake, bila maelezo ya alikotoka. Kwa wenyeviti wa jumuiya za parokia yetu, tumekwisha kuwaagiza kwamba Jumapili ijayo kila mmoja alete jina la mwamini mmoja aliyesema "siwezi", pamoja na kazi moja iliyo ndogo kiasi cha kumalizika ndani ya siku saba. Majina yaletwe sakristia baada ya Misa ya kwanza. Michango ya ujenzi itapokelewa juma linalofuata.

Ni sisi katika Kristo,
Paroko wenu